Kofia ya Nahodha Relyea

Wanangu, hadithi yetu ya leo haiko Unguja wala Lamu. Iko ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina, Marekani, na mwaka ni 1862. Sogeeni karibu. Ni hadithi ya watu 16 waliotoroka kwa meli ya waliowatumikisha, wakapita mbele ya mizinga yao, na ni ya kweli kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kwanza mjue bandari ilivyokaa, maana asiyeijua bandari hii hataona walichokifanya watu hawa. Mji wa Charleston umejengwa kwenye rasi kati ya mito miwili, Ashley na Cooper. Mito hiyo inakutana mbele ya mji na kufanya ghuba pana, na ghuba inafunguka baharini kwa mlango mmoja. Mlangoni hapo, juu ya kisiwa kilichotengenezwa kwa mawe na mikono ya watu, imesimama ngome ya Sumter. Upande mmoja wake iko ngome ya Johnson, upande wa pili ngome ya Moultrie, na ndani kidogo, karibu na mji, iko ngome ndogo ya Castle Pinckney. Chombo chochote kikitaka kutoka au kuingia, lazima kipite machoni pa ngome hizo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianzia papo hapo Sumter, alfajiri ya tarehe 12 Aprili 1861. Majimbo ya Kusini yalikuwa yamejitenga na serikali ya Rais Abraham Lincoln, na sababu kubwa ilikuwa utumwa. Mabwana wa Kusini walitaka kuendelea kumiliki watu, kuwauza, kuwakodisha na kuwarithisha watoto wao. Na msidhani hii ni habari ya watu wa mbali tu: mwaka huohuo wa 1862, watu walikuwa wakinadiwa kwenye soko la Mkunazini, Unguja, na soko lile halikufungwa mpaka 1873.

Lincoln aliamuru bandari za Kusini zizingirwe. Meli za vita za Kaskazini zikatia nanga nje ya Charleston kuzuia pamba isitoke na silaha zisiingie. Waasi wa Kusini nao, kwa upande wa ndani, wakazijaza ngome zao mizinga na kutega mabomu majini kwenye njia za meli. Bandari ikawa imefungwa pande zote mbili. Ukitoka ndani bila ruhusa, ngome zinakupiga. Ukizivuka ngome ukafika nje, meli za Kaskazini zinaona chombo cha adui kinakuja, nazo zinakupiga. Aliyetaka kutoroka Charleston kwa bahari alikuwa na mauti mgongoni na mauti usoni.

Aliyeyapita yote mawili alikuwa kijana wa miaka 23, jina lake Robert Smalls.

Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1839 katika mji mdogo wa Beaufort, kusini ya Charleston, kwenye kibanda cha uani nyuma ya nyumba ya bwana wake. Mama yake, Lydia Polite, alikuwa mtumwa wa nyumbani wa familia ya McKee. Robert akiwa mtoto alipendelewa pale nyumbani, akala vizuri kuliko watoto wenzake wa mashambani, na jambo hilo likamtia hofu mama yake. Aliona mwanawe anakua bila kujua yeye ni nani machoni pa sheria. Basi akampeleka mashambani wanakochapwa watu, akampeleka na mahali wanaponadiwa, ili ayaone kwa macho yake. Mimi humfikiria sana mama huyu. Ni kazi ngumu kumwonyesha mwanao jambo la kutisha kwa kuwa unampenda, na Lydia aliifanya.

Robert alipofika miaka 12 alipelekwa Charleston kukodishwa. Yeye afanye kazi, mshahara uende kwa bwana wake. Alihudumu hotelini. Akawa mwashaji wa taa za barabarani. Akapakia na kupakua shehena gatini, akajifunza kushona matanga na kufunga kamba za meli, mpaka mwisho akashikishwa usukani. Kila kazi ilimsogeza hatua moja karibu na maji. Akaja akayajua mafungu ya mchanga ya bandari ile, mikondo yake, saa za maji kujaa na saa za maji kupwa, kuliko wengi waliokuwa na vyeti.

Vita vilipoanza aliajiriwa kwenye meli iitwayo Planter. Ilikuwa meli mpya ya mvuke, imeundwa hapohapo Charleston mwaka 1860 kwa kubeba marobota ya pamba. Haikuwa na rafadha nyuma. Ilikuwa na magurudumu mawili makubwa ya mbao, moja kila ubavu, yanayopiga maji na kuisukuma mbele. Tanuri yake ilikula kuni. Kwa sababu haikuzama sana majini, iliweza kupita kwenye vijito ambavyo meli nyingine zingekwama. Jeshi la Kusini liliichukua, likaifunga mizinga miwili, likaifanya ya kubeba askari, barua na silaha kutoka ngome moja hadi nyingine. Robert ndiye aliyeshika usukani. Kazi aliyoifanya ilikuwa ya rubani, lakini cheo hicho hakupewa mtu mweusi. Kati ya dola 16 alizolipwa kwa mwezi, 15 zilikwenda kwa McKee.

Hapa nataka mtulie, maana ndipo moyo wa hadithi ulipo.

Maofisa weupe watatu wa meli ile, yaani Nahodha Relyea, msaidizi wake na fundi wa mitambo, walizungumza mbele ya Robert bila kushusha sauti. Walizitoa ishara za siri za kupita ngomeni huku amesimama pembeni yao. Walimtuma kusaidia kutega mabomu majini. Hawakumficha kitu, kwa sababu hawakuamini kwamba kichwani mwake mna kitu cha kufichwa. Walimhesabu kuwa sehemu ya meli. Na yeye, siku baada ya siku, akawa anaweka kila jambo moyoni: ngome ipi inapigiwa honi namna gani, doria inapita saa ngapi, mabomu yako wapi, nahodha anasimamaje anapopita chini ya Sumter. Hakuandika hata neno moja. Sheria ya South Carolina ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma, na Robert hakujua kusoma wala kuandika. Ramani yote ya bandari aliibeba kichwani.

Alikuwa na mke, Hannah, mtumishi wa hotelini, naye mtumwa wa bwana mwingine. Walioana usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1856, wakajaliwa binti, Elizabeth, na mtoto mchanga wa kiume aliyepewa jina la baba yake. Kwa sheria ya siku zile, watoto walikuwa mali ya bwana wa mama. Robert alikwenda kuuliza bei ya mkewe na bintiye. Akatajiwa dola 800. Piga hesabu wewe mwenyewe: mtu anayebakiwa na dola moja kwa mwezi wa kazi ya melini atafikisha lini dola 800? Hata akijitahidi na vibarua vya pembeni, Hannah na watoto wangeweza kuuzwa kesho yake asubuhi, mmoja kwa mnunuzi huyu na mwingine kwa yule, na hakuna mahakama ambayo angeikimbilia.

Basi akamweleza Hannah alichokuwa anakifikiria. Hannah akamuuliza swali moja la maana: wakikamatwa itakuwaje? Robert hakumdanganya, akamwambia atapigwa risasi. Hannah akafikiri, akajibu kwamba watakwenda pamoja, na atakapofia yeye ndipo naye atakapofia. Watoto husimuliwa ushujaa wa Robert, na ni haki, lakini Hannah alilikubali jambo hili akiwa na mtoto wa miaka minne mkononi na mwingine mgongoni.

Wazo lenyewe lilizaliwa katika mzaha. Siku moja wakati maofisa hawapo, mabaharia wenzake walimvika Robert kofia pana ya majani ya nahodha. Wakacheka, kwa sababu kwa kimo na umbo alifanana naye kweli: ukimtazama kwa mbali, gizani, na uso umefunikwa na kivuli cha kofia, humtofautishi na Relyea. Wenzake walicheka. Robert hakucheka. Aliwaambia wasilitaje tena jambo lile, kisha akawaita nyumbani kwake usiku, kwa siri, wakapanga.

Walikubaliana neno zito, nami nitawaambia kwa sababu ninyi si wadogo tena. Kama wakigunduliwa, hawatajisalimisha. Watapigana kwa mizinga iliyomo, na ikishindikana, wataitoboa meli izame nao. Na kama haitazama upesi, watashikana mikono, wake kwa waume na watoto wao, waruke baharini. Kila aliyekubali kuja alikubali na hilo.

Ikafika Jumatatu, tarehe 12 Mei 1862. Planter ilirudi kutoka kisiwa cha Coles, ambako Waasi walikuwa wanaihama ngome yao. Ilikuwa imepakia mizinga minne mikubwa pamoja na risasi na baruti, na asubuhi yake ilitakiwa kuipeleka ngome nyingine. Mabaharia walikuwa wamechoka na hawakuwa na haraka ya kushusha mzigo. Maofisa watatu nao walichoka. Amri ya jeshi ilisema maofisa walale melini, usiku na mchana wawe tayari. Jioni ile wakashuka wakaenda kulala mjini, wakaiacha meli mikononi mwa watumwa. Baadaye walishtakiwa kijeshi kwa kosa hilo.

Robert akaona saa imefika.

Wanawake na watoto walikuja gatini jioni, kama familia za mabaharia zilivyokuwa zikija kuwatazama. Wakasindikizwa kama wanaorudi nyumbani, kumbe wakapelekwa kufichwa katika meli nyingine, Etiwan, iliyofungwa kwenye gati jingine, juu zaidi katika mto Cooper. Wakakaa humo gizani wakinyamazisha watoto, wakisubiri.

Yapata saa tisa usiku, Robert akavaa kofia ya nahodha, akaamuru tanuri iwashwe. Hebu fikirini jambo hili. Meli ya mvuke haiondoki kimyakimya kama ngalawa. Inabidi kuni ziwake, maji yachemke, moshi utoke kwenye dohani, na kutoka pale gatini hadi ofisi ya Jenerali Ripley, mkuu wa jeshi la mji, palikuwa karibu tu, na mlinzi amesimama na bunduki yake. Upepo ungegeuka kidogo tu, moshi ule ungewafikia watu waliolala na kudhaniwa moto. Wakatweka bendera mbili, ya Waasi na ya South Carolina, wakafungua kamba, wakarudi nyuma polepole. Mlinzi aliwaona. Akadhani nahodha anawahi kazini, akaendelea na zamu yake.

Mtu mwenye pupa angeelekeza omo baharini akakimbia. Robert aligeukia upande mwingine kabisa, akapanda mto, akaenda kuchukua familia. Mimi kila ninapolisimulia jambo hili husimama hapa. Kila dakika waliyoitumia kupanda mto ilikuwa dakika ya giza wanayoipoteza, na giza ndilo lililokuwa ngao yao. Lakini uhuru wa kuwaacha Hannah na watoto gatini haukuwa uhuru alioutaka. Wakafika, wakawapakia haraka, wakawashusha chini ya sitaha. Sasa wakawa watu 16: wanaume wanane, wanawake watano na watoto watatu.

Ndipo Planter ikageuza omo kuelekea mlangoni.

Robert alisimama dirishani kwenye chumba cha usukani, mikono ameikunja kifuani jinsi Relyea alivyozoea kuikunja, kofia ameishusha usoni. Hakuongeza mwendo. Mabaharia wenzake walitamani meli iruke, lakini chombo kinachokimbia usiku humwamsha mlinzi aliyelala. Wakaenda mwendo wa kila siku. Wakafika Johnson. Robert akavuta kamba ya honi, akapiga ishara kama ilivyotakiwa. Ngome ikawaruhusu.

Ikabaki Sumter.

Kuta zake zilikuwa na urefu wa kama mita 15, na juu yake mizinga. Wenzake walimwomba apite mbali nayo, akate upande wa pili wa mlango. Robert akakataa. Relyea hakuwa na desturi ya kupita mbali. Akipita mbali leo, mlinzi atajiuliza kwa nini. Basi akaipeleka meli karibu kabisa na zile kuta. Saa ilikuwa yapata kumi na robo alfajiri, na mbingu upande wa mashariki ilianza kufifia weusi. Chini ya sitaha wanawake walikuwa wanalia bila sauti na kuomba Mungu. Baadhi ya wanaume magoti yaliwalegea. Robert mwenyewe, naye aliomba.

Akavuta kamba. Honi ikalia ishara ya usiku ule, ikatulia.

Kimya.

Huku magurudumu yanapiga maji na ukuta unawapita taratibu upande wa dirishani, mlinzi wa Sumter akaitazama meli, akamwona mtu wa kofia ya majani amekunja mikono, akaijibu ishara. Akawapigia kelele wakawape Wayankee, yaani watu wa Kaskazini, kipigo, akiamini wanakwenda kazini. Jibu la kutoka melini lilikuwa la mtu mmoja mtulivu. Planter ikapita.

Meli za Waasi zikishapita Sumter zilikata kona kuelekea kisiwa cha Morris. Planter haikukata kona. Ilinyoosha moja kwa moja kwenye bahari kuu, na hapo ndipo Robert alipoagiza kuni ziongezwe tanurini mpaka mvuke ufike mwisho wake. Sumter walipong'amua na kuwaashiria wenzao wa Morris, meli ilikuwa imeshatoka nje ya masafa ya mizinga.

Je, wamepona? Bado, wanangu. Sikilizeni.

Mbele yao, ndani ya ukungu wa alfajiri, ilikuwa meli ya vita ya Kaskazini iitwayo Onward. Walinzi wake wakaona kitu cha kutisha: meli ya mvuke yenye bendera za adui inawajia kwa kasi, bila kupunguza mwendo. Wakadhani inakuja kuwagonga. Luteni Nickels, mkuu wa Onward, akaamuru meli igeuzwe ubavu ili mizinga ielekee kwa anayekuja. Mizinga ikajazwa. Mzinga wa kwanza ulikuwa tayari kuwashwa.

Kwenye Planter wakazishusha bendera mbio. Mahali pake wakatweka shuka la kitanda. Hannah ndiye aliyelileta kutoka hotelini alikokuwa akitandika vitanda vya wageni. Shuka likapanda mlingotini, lakini ukungu ulikuwa mzito na upepo haukulikunjua, kwa hiyo kwa muda halikuonekana. Kisha jua likachomoza, ukungu ukapasuka kidogo, baharia mmoja wa Onward akapiga kelele kwamba anaona kitu cheupe. Nickels akazuia mizinga.

Meli mbili zikakaribiana. Askari wa Kaskazini waliokuwa wanatarajia nahodha mweupe waliona watu weusi wanatoka chini ya sitaha, wengine wanacheza, wengine wanaimba, wengine wameigeukia Sumter wanailaani. Mwanamke mmoja alimnyanyua mtoto wake juu aione bendera ya meli ile. Kutoka kwenye chumba cha usukani akashuka kijana aliyevaa nguo nzuri, akavua kofia, akawasalimu kwa adabu na kuwaambia kwamba amewaletea baadhi ya mizinga ya zamani ya serikali ya Marekani, akidhani itamfaa Rais Lincoln.

Mizinga yenyewe ilikuwa sita: miwili ya meli na minne ya shehena. Lakini zawadi kubwa kuliko chuma ilikuwa ile aliyoibeba kichwani. Robert aliwaeleza maofisa wa Kaskazini mabomu yalikotegwa, na akawaambia kwamba ngome ya kisiwa cha Coles imehamwa. Melini kilikuwemo pia kitabu cha ishara za siri za Waasi. Haikupita zaidi ya wiki moja, jeshi la Kaskazini likakishika kisiwa cha Coles bila vita kubwa, likapata mlango wa kuingilia kusini ya Charleston. Mkuu wa meli zile, Samuel Du Pont, aliandika kwamba kati ya watoro wote waliowahi kufika kwao, hakuna aliyemzidi Smalls kwa akili.

Mjini Charleston asubuhi hiyo watu hawakuamini. Meli ya jenerali, iliyokuwa imefungwa karibu na ofisi ya jenerali, imeondoka na mizinga, na walioiondosha ni wale wasiohesabiwa. Kwa miaka mingi mabwana wa Kusini walikuwa wameuambia ulimwengu kwamba mtu mweusi hana akili ya kupanga wala moyo wa kuthubutu. Habari hii ilisomwa magazetini Kaskazini kote. Tarehe 30 Mei, Lincoln akatia saini sheria ya kuwapa mabaharia wale tuzo ya fedha, na Robert akapata dola 1,500. Wengi wameona ilikuwa kidogo kuliko haki yao, maana meli ilithaminiwa chini sana ya thamani yake, nami nakubaliana nao.

Mwezi wa nane mwaka huo alikwenda Washington pamoja na mchungaji mmoja kuomba watu weusi wakubaliwe kuwa askari. Akarudi na barua ya Waziri wa Vita ya kuruhusu hadi watu 5,000 waandikishwe huko Port Royal, South Carolina. Yeye mwenyewe aliendelea kuziongoza meli vitani. Desemba 1863, Planter ilipopigwa vikali na mizinga ya Waasi, nahodha wake mweupe alitaka kusalimu amri kisha akajificha chini penye makaa. Robert alijua kitakachowapata mabaharia weusi wakikamatwa. Akashika usukani, akaitoa meli salama. Baada ya hapo akapewa unahodha wa Planter, safari hii bila kuazima kofia ya mtu.

Alipokuwa Philadelphia, jimbo la Pennsylvania, mwaka 1864, meli ikitengenezwa, aliajiri mwalimu akajifunza kusoma na kuandika, mtu mzima mwenye watoto. Huko huko, siku moja aliambiwa ampishe abiria mweupe kiti katika gari la barabarani. Akashuka badala ya kukubali. Habari zikaenea kwamba shujaa wa vita amefukuzwa kitini, watu wakalalamika, na mwaka 1867 sheria ya Pennsylvania ikakataza ubaguzi huo kwenye magari ya abiria.

Vita vilipokwisha alirudi Beaufort na kuishi katika nyumba aliyoinunua wakati wa vita, nyumba ileile ya McKee ambayo alizaliwa uani kwake. Mwaka 1868 alikuwa mjumbe wa mkutano uliotunga katiba mpya ya South Carolina, akapigania shule za bure na za lazima kwa watoto wote, weupe na weusi. Akachaguliwa bunge la jimbo, kisha Bunge la Marekani kwa vipindi kadhaa. Alitishwa, akashtakiwa, akaporwa kura. Mwaka 1895 jimbo lilitunga katiba nyingine ya kuwanyang'anya watu weusi haki ya kupiga kura; Smalls alikuwa mmoja wa wajumbe weusi sita waliosimama kuipinga. Walishindwa. Msidhani kila pambano lake lilikwisha kama lile la alfajiri ya Mei 13.

Robert Smalls alifariki Beaufort tarehe 23 Februari 1915. Planter yenyewe ilikuwa imevunjika pwani ya South Carolina tangu 1876. Hata hivyo jina la Smalls linasafiri bado. Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa na manowari kubwa iliyopewa jina la Chancellorsville, vita ambamo jeshi la Kusini liliibuka na ushindi. Mwaka 2023 jina hilo lilifutwa, na manowari ile ikapewa jina la Robert Smalls.